Nondo Mdogo wa Nta katika Mizinga ya Meru na Kilimanjaro

Kila mfugaji wa nyuki kati ya Arusha na Moshi anaujua utando. Anafungua mzinga ambao nyuki wake wamehama, anakuta masega yamelegea na kufunikwa nyuzi nyeupe zilizoshika vumbi jeusi, na viwavi wanakimbilia gizani mara tu mwanga unapowafikia. Wengi husema kwa kifupi kwamba nondo wameingia, kisha masega hutupwa motoni na mzinga hufukizwa moshi. Katika mazungumzo hayo nondo huwa ni mmoja tu, ilhali mizinga yetu inao nondo wa aina mbili, na ninayetaka kumwandika hapa ni yule mdogo, ambaye hata wafugaji wazoefu humpita bila kumtofautisha na mwenzake. Kwa jina la kisayansi anaitwa Achroia grisella, na kwa jina tunalolielewa sote ni nondo mdogo wa nta.

Aliyemweleza mdudu huyu kisayansi ni Johan Christian Fabricius, Mdenmaki aliyesoma kwa Linnaeus, mwaka 1794. Linnaeus mwenyewe alikuwa amekwisha kumpa jina nondo mkubwa wa nta, Galleria mellonella, mwaka 1758. Wote wawili ni wa familia ya Pyralidae, ambayo ni ya nondo wadogo wanaojulikana kwa vipapasio vya mdomo vinavyochomoza mbele ya uso hata vikaonekana kuwa pua. Pua hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa jike wa nondo mkubwa. Dume wake ana vipapasio vifupi vilivyojikunja kuelekea juu, kwa hiyo uso wake huonekana butu, na mtu akiwaweka jike na dume kando kando juu ya karatasi nyeupe anaweza kuwatambua kwa kigezo hicho peke yake.

Nondo mdogo havuti jicho la mtu mwenye haraka. Urefu wa mwili wake ni takriban milimita 10 hadi 13, na jike kwa kawaida ni mkubwa kidogo kuliko dume. Rangi yake ni ya kijivu cha fedha inayoelekea ukahawia, isipokuwa kichwani, ambako ana magamba ya manjano yanayong'aa, na manjano hiyo ndiyo alama ya hakika ya kumtambulia. Anapotua huyakunja mabawa na kuyazungushia mwili wake, na akiguswa haruki kwanza bali hukimbia kwa miguu, kwa kasi ya kushangaza, akitafuta ufa wa kujificha. Nondo mkubwa hufikia urefu wa milimita 19, ana rangi ya majivu yenye madoa ya kahawia, na kichwa chake hakina manjano hiyo. Nimewaona wafugaji wakishika nondo wenye kichwa cha manjano na kusema kwamba hao ni watoto wa wale wakubwa, jambo lisilowezekana, kwa kuwa nondo akishatoka na mabawa haongezeki tena ukubwa maisha yake yote.

Tena, akishatoka na mabawa hali kitu. Sehemu zake za mdomo zimedumaa, hawezi kunyonya nekta wala kunywa asali, na siku zake zote za utu uzima anaziishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa kiwavi. Jike huishi takriban wiki moja, na katika muda huo mfupi hutaga mayai yapatayo 250 hadi 300, akiyasukuma ndani ya nyufa za mzinga, kwenye maungio ya mbao, au pembezoni mwa masega. Anachagua mahali ambapo nyuki hawawezi kupenyeza kichwa. Mayai huanguliwa baada ya siku tano hadi nane kukiwa na joto la kutosha, na kinachotoka ni kiwavi mdogo sana, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, ambaye safari yake ya kwanza ni kutafuta sega.

Hapa ndipo pana jambo ambalo limeeleweka vibaya kwa muda mrefu. Jina la nondo wa nta linatufanya tuamini kwamba chakula chake ni nta. Kiwavi huyu humeza nta, ndiyo, na anao uwezo wa kuivunjavunja tumboni, uwezo ambao ni viumbe wachache sana duniani wanao, lakini nta tupu haimtoshi kukua. Anachokifuata hasa ni mabaki yaliyomo ndani ya sega: ngozi ambazo majana, yaani watoto wa nyuki wanaolelewa matunduni, huzivua wakati wa kukua, nyuzi za vifukofuko vyao, chavua iliyobaki matunduni, uchafu, na mabaki ya nyuki waliokufa. Ndiyo maana sega jeupe jipya, ambalo nyuki wamelijenga kwa ajili ya asali na halijawahi kulelea majana, mara nyingi huachwa karibu zima, wakati sega jeusi la zamani lililolelea vizazi vingi vya majana huliwa hadi likabaki vumbi. Ukikata sega jeusi kwa kisu na kulielekeza juani, utaona kwamba kila tundu limezungukwa ndani na ngozi nyembamba za kahawia zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka moja likiwa ni la nyuki mmoja aliyelelewa humo. Kwa kiwavi, hilo ndilo shamba lenye rutuba.

Anavyokula ndivyo anavyojenga. Kiwavi wa nondo mdogo huchimba njia ndani ya sega na kuitandika hariri anayoitoa mdomoni, na njia hiyo humlinda asiguswe na nyuki anapopita. Ukitazama kwa makini sega lililoshambuliwa na yeye peke yake, utaona vijia vyembamba vilivyotengana, kila kimoja na mwenyewe, vimezungukwa na kinyesi cheusi kilicholegea kama kahawa iliyosagwa. Viwavi wa nondo mkubwa hukaa wengi pamoja, hutandaza utando mpana unaofunika masega kuanzia ukuta mmoja wa mzinga hadi mwingine, na wanapojaa hutoa joto la miili yao linalopita joto la hewa ya nje. Wanapotaka kujifunga ndani ya vifukofuko hutafuna mbao za mzinga na kuacha vijishimo vyenye umbo la mtumbwi. Mfugaji akiona vijishimo hivyo, vimepangwa kwa mstari kwenye ubao wa ndani, ajue aliyepita hapo ni mkubwa. Mdogo hujifunga kimya kimya ndani ya kifukofuko cheupe ambacho mara nyingi hukifunika kwa kinyesi chake, kwa hiyo hata kifukofuko chenyewe si rahisi kukiona.

Nondo hawa wawili wanapokutana katika mzinga mmoja, mdogo hushindwa. Viwavi wa mkubwa ni wenye nguvu, hukua haraka, na huwasukuma wenzao hadi sakafuni, wakaishia kula takataka zinazodondoka kutoka juu. Kwa sababu hiyo mfugaji anayetaka kumwona nondo mdogo asianze kwa kutazama masega. Aanze kwa kukwangua sakafu ya mzinga, hasa kwenye pembe ambazo vumbi la nta na chavua hujikusanya, na hapo ataona viwavi vyembamba, visivyozidi milimita 20, vikijiviringisha kwa hasira. Maisha ya ukiwavi huchukua wiki sita hadi saba katika joto la nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, na huwa marefu zaidi baridi inapozidi.

Hadi hapa maelezo yote ni ya mdudu mharibifu, na kama yangeishia hapo nisingejishughulisha kuandika. Kinachonifanya nimpende mdudu huyu ni namna anavyotafuta mwenzi.

Kwa nondo walio wengi, jike ndiye anayeita: hukaa mahali pamoja na kutoa harufu, na madume huifuata harufu hiyo kutoka mbali. Kwa nondo mdogo wa nta mambo yako kinyume. Anayeita ni dume, na mwito wake, pamoja na kuwapo harufu pia, ni sauti. Jioni jua likishazama, madume hutoka na kusimama juu ya mzinga au kwenye majani ya jirani, mara nyingi kadhaa wakiwa karibu karibu, na kila mmoja huanza kupiga mabawa yake bila kuruka. Kwenye shina la kila bawa la mbele kuna kiwambo kidogo kigumu. Bawa linapopanda na kushuka kiwambo hicho hubonyea na kurudi, na kila kinapofanya hivyo hutoa mlio mfupi sana. Mipigo ni makumi kwa sekunde, na masafa ya mlio wake ni kati ya kilohezi 70 na 130. Sikio la binadamu mwenye afya njema linakomea kilohezi 20. Mfugaji anaweza kusimama kando ya mzinga wake saa mbili usiku, akasema usiku ni kimya kabisa, na huku madume wako hatua moja tu kutoka alipo wakiimba bila kupumzika. Huimba hivyo kwa saa nyingi za usiku, usiku baada ya usiku, hadi maisha yao mafupi yanapokwisha, ilhali hawali wala hawanywi.

Jike husikia. Nondo wa ukoo huu wana masikio yaliyo upande wa chini mwanzoni mwa tumbo, yaani viwambo viwili vyembamba vinavyotikiswa na mawimbi ya sauti. Jike anapousikia mwito huuendea, mara nyingi kwa kukimbia kwa miguu juu ya mbao za mzinga, na si kila dume humridhisha. Watafiti Hayward Spangler na Michael Greenfield, ambao pamoja na mwenzao waliueleza mwito huu nchini Marekani mwaka 1984, ndio waliofungua njia ya utafiti mrefu uliofuata, na utafiti huo umeonyesha kwamba jike huwapima madume kwa ukubwa wa sauti na kwa kasi ya mipigo, akiwapendelea wenye sauti kubwa na mwendo wa haraka. Kwa maneno mengine, mdudu wa milimita 12 anasimama gizani katikati ya waimbaji kadhaa, anawalinganisha, na kuchagua.

Masikio hayo lakini hayakutokea kwa ajili ya mapenzi. Nondo wengi wana masikio, ijapokuwa wengi wao hawatoi sauti yoyote, na kazi kubwa ya masikio hayo ni kuwasikia popo. Popo huwinda kwa kutoa milio ya masafa ya juu na kusikiliza mwangwi unaorudi, na nondo anayeusikia mlio huo mapema hupata nafasi ya kujidondosha au kujificha. Popo wa mijini na vijijini kwetu, wale wanaoonekana jioni wakizunguka taa za barabarani na miti mikubwa, wanawinda kwa namna hiyo hiyo. Wanasayansi wameona kwamba masikio yalitangulia mwito, na madume wa nondo wa nta wakaja baadaye kuutumia usikivu ambao majike walikuwa nao tayari. Hapo hutokea swali la haki: jike atajuaje kama anachokisikia ni mchumba au ni adui? Jibu liko katika mwendo wa mipigo. Milio ya popo anayetafuta mawindo hupishana polepole, ya dume wa nondo hufuatana kwa kasi kubwa, na jike huendea ile ya kasi na kuganda au kujiepusha anaposikia ya polepole. Hata dume anayeimba, milio ya popo ikimfikia, hunyamaza kwanza kisha akaendelea. Nondo mkubwa naye anaujua ulimwengu huo wa sauti. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, walitangaza kwamba sikio lake hupokea masafa yanayofika kilohezi 300, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kwa mnyama mwingine yeyote, na ambacho kinapita milio ya popo wote wanaojulikana.

Sasa niwarudie nyuki, kwa kuwa nondo huyu hana maisha nje ya kivuli chao. Wameandikwa viwavi waliokutwa kwenye matunda makavu na sukari guru, lakini makao yake halisi ni masega ya nyuki.

Nyuki wetu si wa aina moja. Kwenye nyika za chini kuna Apis mellifera scutellata, mwepesi wa kuudhika na mwepesi zaidi wa kuhama. Juu katika misitu ya milima yetu kuna Apis mellifera monticola, mkubwa na mweusi zaidi, mpole kwa kulinganisha, ambaye alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1961 na F. G. Smith, mtaalamu aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki hapa hapa Tanganyika. Kundi lenye nguvu la nyuki wa aina yoyote kati ya hizo halimwogopi nondo. Walinzi hukaa mlangoni usiku kucha, nyufa huzibwa kwa gundi ya nyuki, na kiwavi anayeonekana juu ya sega hung'atwa, huburutwa na kutupwa nje. Wakati mwingine kiwavi hupita chini ya vifuniko vya majana, na nyuki humfuata kwa kuvifumua vifuniko kimoja baada ya kingine, wakaacha mstari ulionyooka wa majana yaliyo vichwa wazi, macho yao ya zambarau yakionekana katikati ya sega lililofunikwa vizuri pande zote. Mfugaji akiuona mstari huo asidhani ni ugonjwa. Amwangalie kiwavi mwishoni mwa mstari.

Mambo hubadilika kundi linapodhoofika. Nyuki wa Afrika wana desturi ya kuhama ambayo nyuki wa Ulaya hawana kwa kiwango hiki: maua yakikauka, moto ukipita, siafu wakivamia, nyegere akibomoa, au mvunaji akichukua kila kitu bila kuwaachia chakula, hujaza asali matumboni na kuondoka wote, malkia akiwa katikati yao. Wanaacha nyuma masega, pengine na majana machache na chavua. Nondo alikuwa hapo tangu mwanzo, amebanwa katika nyufa, akisubiri walinzi waishe. Ndani ya wiki chache kazi imekwisha, na mwenye mzinga anaporudi anakuta utando, naye anasema nondo wamefukuza nyuki wangu.

Mzee mmoja wa Machame, ambaye mizinga yake ya magogo imetundikwa kwenye miringaringa ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, aliniambia nilipomuuliza kuhusu jambo hili: "Mwanangu, nondo hakumfukuza mtu. Amekuta nyumba haina mwenyewe." Ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa sana. Utando ni ishara ya jambo lililotokea kabla, na mfugaji anayepambana na nondo bila kuuliza kwa nini kundi lilidhoofika atapambana nao kila mwaka. Nisiseme hata hivyo kwamba nondo hana hatia kabisa. Kundi dogo lililoingia karibuni katika mzinga mkubwa wenye masega ya zamani kuliko linavyoweza kuyafunika linaweza kuelemewa, na nyuki wachanga wanaponaswa miguu katika nyuzi za hariri hushindwa kutoka katika matundu yao, hufa humo humo wakiwa wamekamilika.

Joto nalo lina usemi wake. Kahe na tambarare za kusini mwa Moshi ziko kwenye mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini iko karibu mita 1,400, na vihamba vya juu vya Kibosho na Machame viko juu zaidi ya hapo. Kiwavi hukua kwa kasi katika joto na karibu husimama kabisa baridi inapozidi. Kwa hiyo sega lililosahaulika ndani ya ghala la Kahe mwezi Februari huliwa kabla mwenye nalo hajakumbuka kulitafuta, ilhali sega kama hilo huko juu, katika ukungu wa Juni na Julai, linaweza kukaa muda mrefu likiwa na mayai ambayo bado hayajafanya lolote. Huu ndio mtego kwa mtu anayenunua masega kutoka milimani na kuyashusha bondeni, kwa kuwa anashusha na mayai asiyoyaona.

Porini nondo hawa wanafanya kazi ambayo ninaona haisemwi vya kutosha. Pango la mti ambalo nyuki wamelihama, likiwa limejaa masega meusi yenye vimelea vya magonjwa na mabaki ya miaka, lisingekaliwa tena na kundi jingine kwa urahisi kama kusingekuwa na mdudu wa kuyala hayo masega. Nondo hulisafisha, sega hugeuka vumbi, na msimu wa maua unaporudi nyuki wapya huja kujenga juu ya ukuta mtupu. Katika karamu hiyo yuko pia ndege ambaye Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanamfahamu kwa sauti yake, yule anayewaongoza watu hadi kwenye mti wenye nyuki. Ndege huyo hula nta na majana ya nyuki, na vilevile hula viwavi wa nondo wa nta, kwa hiyo mzinga uliohamwa bado ni chakula kwake. Kuna pia nyigu mdogo sana, Apanteles galleriae, ambaye hutaga yai lake ndani ya kiwavi mchanga wa nondo hawa, na buu wa nyigu hukua humo akimla mwenyeji wake kutoka ndani.

Kuhusu plastiki nitasema kwa ufupi, kwa sababu nimeulizwa na wengi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Federica Bertocchini, mwanasayansi aliyekuwa Hispania ambaye pia anafuga nyuki, alitangaza pamoja na wenzake kwamba viwavi wa nondo wa nta hutoboa na kuivunja plastiki ya polithini, na mwaka 2022 kundi lake lilieleza vimeng'enya vilivyomo katika mate ya viwavi vinavyofanya kazi hiyo. Viwavi hao walikuwa wa nondo mkubwa, na baadhi ya wanasayansi walihoji matokeo ya mwanzo. Kwa mfugaji faida ya habari hii ni moja: mfuko wa plastiki haumzuii kiwavi aliyekwisha kuwamo ndani ya sega. Atautoboa na kutoka.

Kinachomzuia ni baridi, joto, mwanga na hewa. Baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri kwa saa nne na nusu huua hatua zote za nondo, kuanzia yai hadi mwenye mabawa. Kwa nyuzi 15 chini ya sifuri zinatosha saa mbili. Friza ya nyumbani ikiwa inafanya kazi vizuri inafika huko, ila sega zito lenye asali huchukua muda kupoa hadi katikati, kwa hiyo ni busara kuliacha kwa siku nzima, kisha kulifunga mahali ambapo nondo mpya hawezi kuingia kutaga. Joto nalo linafaa, nyuzi 49 kwa dakika 40, lakini sega hulegea katika joto hilo na si kila mtu ana chombo cha kulipima, na kwa wafugaji wa kawaida siishauri njia hiyo. Asiye na friza ayatundike masega yakiwa yameachana, mahali penye mwanga na upepo, kwa sababu nondo hawa hupenda giza na hewa iliyotuama. Naftalini, zile gololi nyeupe zinazowekwa kwenye makabati ya nguo, zisiwekwe karibu na masega kwa hali yoyote. Nta hunyonya harufu na sumu yake, na asali itakayohifadhiwa humo baadaye huinyonya pia.

Njia ninayoiona bora kwa wafugaji wengi wa mikoa yetu ni kutoyahifadhi masega meusi hata kidogo. Mizinga ya magogo na ile ya kisasa yenye vijiti vya mbao juu huvunwa kwa kukatwa sega zima, kwa hiyo hakuna sababu ya kubaki na sega kuukuu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Sufuria yenye maji ya moto na kitambaa cha kuchujia inatosha, au sanduku jeusi lenye kioo juu likiachwa juani. Donge la nta safi halina ngozi za majana wala chavua, kwa hiyo viwavi hawapati humo lishe ya kuwakuza. Lina soko, na kipande chake kidogo kikipakwa ndani ya mzinga mtupu huvuta kundi jipya, ilhali sega la zamani katika mzinga unaosubiri nyuki humwita nondo. Nyufa zizibwe, sakafu ikwanguliwe kila mzinga unapofunguliwa, na takataka zilizokwanguliwa zichomwe au zifukiwe mbali, zisimwagwe chini ya mti uleule. Mwenye kutaka ushauri zaidi, Njiro hapa Arusha kuna watafiti wa nyuki walio chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Akipeleka sampuli, apeleke nondo mwenye mabawa pamoja na viwavi ndani ya chupa ya kioo, kwa kuwa viwavi wachanga wa aina hizi mbili wanafanana mno, na ni ile manjano ya kichwani mwa nondo inayomaliza ubishi.